Zambarau ya Chungu Kimoja

Duka la chini ya jumba letu, Michenzani hapa Unguja, lina mizani ya kupimia sukari na unga wa ngano. Siku moja baada ya Alasiri niliteremsha viroba viwili vya nyuzi nikamwomba muuzaji anipimie. Akapima kimya. Kiroba cha pili kilipotulia akasema, "Kilo nne na robo, Mwalimu. Zote hizi rangi moja?" Nikamjibu ndiyo, zote zambarau. Akachomoa donge moja, akachomoa na la pili, akayaweka juu ya meza bega kwa bega, akayatazama. "Hizi si rangi moja," akasema, kisha akamgeukia mtoto aliyetumwa mkate.

Neno lile nilipanda nalo ngazi ghorofa tatu.

Nyuzi zile nilizikusanya kwa miaka 11, na hata donge moja sikulinunua kwa kazi maalumu. Nikipita Mchangani nikaona zambarau inaning'inia mlangoni mwa duka, moyo wangu unakwenda. Naona nikiliacha donge lile atalichukua mtu mwengine na mimi sitaliona tena. Nalipa, nafika nyumbani, nalinusa, naliweka kirobani. Watu wakishajua unapenda kitu hukuletea. Mdogo wangu aliyeolewa Maskati kila akija kwa Idi alikuwa hakosi madonge mawili matatu katika mizigo yake. Walimu wenzangu wakivuka kwenda Dar es Salaam walikuwa wakinipitia Kariakoo. Wanafunzi wangu wa skuli nao walijua: uzi wa Mwalimu ni zambarau. Nilihesabu madonge 63, mengine mazima, mengine yaliyoanzwa na kuachwa.

Na kweli yalianzwa na kuachwa. Kila nikishika kulabu kufuma kitu, nilikuwa nauona uzi ule ni mzuri kupita kazi ninayotaka kuufanyia. Kitambaa cha kochi? Hapana, nauharibu bure. Kofia ya mtoto wa jirani? Nitafuma kwa nyeupe. Zambarau ilikuwa inangoja kazi itakayostahiki, na mimi nilikuwa nangoja nayo.

Kazi ilikuja yenyewe. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba yake ya kwanza, amekaa chini ananipepetea mchele. Akanyanyua uso akanambia, "Mama, hizo nyuzi zako si unifumie shali la mtoto?" Ndipo nikaenda kupima. Nilitaka kujua nina kiasi gani. Sikutaka kuishiwa katikati.

Hofu hiyo ya kuishiwa katikati niliirithi kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa msukaji mikeka, shamba, upande wa Wete huko Pemba. Likizo zetu za skuli zote zilikuwa kwake. Ukindu ulikuwa ukikatwa, unaanikwa juani mpaka unakuwa mweupe, unachanwa, kisha kile kitakachotiwa rangi kinafungwa mafundo mafundo. Alikuwa na chungu kimoja cha udongo ambacho hakikupikiwa chakula maisha yake yote, kimeungua chini, ndani kina rangi juu ya rangi kama magamba. Rangi yenyewe ilikuwa unga, ya dukani, imefungwa katika kikaratasi kidogo kama cha pilipili manga. Anawasha makumbi ya nazi, maji yanachemka, anatikisa kikaratasi mara mbili, na maji yanageuka zambarau kwa ghafla hivi kwamba kila mara nilikuwa nashtuka, ingawa nimeshaona mara ishirini. Mafundo ya ukindu anayazamisha kwa kijiti, anayageuza, anayatoa yanatiririka, anayaanika kivulini. Vidole vyangu vilikuwa vinabaki na rangi mpaka Ijumaa.

Bibi alikuwa na sharti moja. "Pima ukindu wako kabla hujawasha moto," akinambia. "Ukipungukiwa katikati, chungu cha pili hakitakuwa ndugu wa cha kwanza." Maji yakizidi kidogo, moto ukiwa mkali, unga ukitikiswa mara tatu badala ya mbili, rangi imekwenda njia nyengine. Ukiitazama peke yake huoni. Ukiisuka ubavuni mwa ya kwanza, unaiona tangu mlangoni.

Nilikuwa na sharti hilo kichwani miaka yote, na sikulihusisha hata siku moja na madonge ya dukani. Nilidhani kiwanda ni kiwanda, zambarau ikitoka leo na ikitoka mwakani ni ile ile. Kumbe karatasi inayofungiwa donge ina namba mbili. Moja ni namba ya rangi. Ya pili, mara nyingi kwa herufi ndogo au imepigwa muhuri ubavuni, ni namba ya loti, na hiyo ndiyo chungu. Madonge yenye namba moja ya loti yametiwa rangi pamoja. Yenye namba tofauti, hata kama jina la rangi ni moja, yametoka chungu mbali. Karatasi hizo mimi nilikuwa nazivua na kuzitupa siku ile ile ya kununua, kwa sababu zilikuwa zinanificha rangi.

Shali la kwanza nililifuma kwa wiki saba. Niliamua kufuma vipande vya mraba, kila kipande kwa uzi wa donge moja, kisha niviunganishe. Nilifuma baada ya Isha, nikafuma garini nikienda kazini, nikafuma kwenye baraza za arusi. Vilifika vipande 81, tisa kwa tisa, nikaviunganisha na kulizungushia shali kishada cha nakshi pembeni. Nikalitandika juu ya kitanda. Lilikuwa zuri. Bado nasema lilikuwa zuri.

Kitu cha mtoto mchanga lazima kifuliwe kabla ya kuvaliwa. Nililifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, nikalianika uani juu ya kamba. Nilipokwenda kulianua sikulitambua. Vipande vingine vilikuwa vimejikunja na kuwa vidogo, vingine vimebaki na ukubwa wake, kwa hiyo shali zima lilikuwa limevimba hapa na kuvutwa pale kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kipande kimoja kizito, cha zambarau iliyokaribia weusi, kilitoa rangi na kuwachafua majirani zake wote wanne. Na hata pale palipokuwa hapana kosa la kufua, mwanga wa jua ulionyesha jambo ambalo taa ya chumbani haikunionyesha kwa wiki saba: vipande nilivyodhani vimelingana vilikuwa vinapiga wekundu, na vyengine vinapiga buluu, vimekaa pamoja kama madoa.

Nililirowesha kwenye siki na chumvi, maana ndivyo tunavyoambiwa kila siku kuwa siki hushika rangi. Haikushika. Baadaye nilikuja kuelewa kuwa siki ina kazi katika kutia rangi sufu, lakini pamba inayotoa rangi haiitibu. Pamba ya namna hiyo ni kuosha peke yake, maji baada ya maji, mpaka yatoke meupe.

Binti yangu alilitazama akasema, "Mama, litafaa tu." Mtoto mwenye adabu. Mimi nilijua kwamba mjukuu wangu wa kwanza hatafunikwa kwa kitu kilichoambiwa litafaa tu. Usiku ule nililia, na sikulia kwa ajili ya uzi peke yake. Nilikuwa nimeona kwamba kitu nilichokipenda kwa miaka 11 nilikuwa sikijui.

Kulifumua kulichukua siku nne. Mume wangu ndiye aliyenisaidia. Alikaa kitini, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayeomba dua, mimi nazungusha uzi viganjani mwake mpaka unakuwa shada, nalifunga, naanza jengine. Uzi uliofumuliwa hukunjamana kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa, na ukiufuma hivyo hivyo kazi inatoka na matuta. Basi kila shada nililichovya majini, nikalikamua kwa taulo, nikalitundika bafuni na chupa ya maji nusu imening'inia chini yake kama jiwe la timazi. Asubuhi uzi umenyooka. Mume wangu hakusema neno hata moja siku zote nne, ila siku ya mwisho alinyanyua mikono akaitazama akasema, "Hizi kweli si rangi moja." Nikajua kuwa muuza duka amemhadithia.

Ndipo nikaanza kuzijua nyuzi zangu. Kwanza kwa moto. Niliweka kisahani cha udongo dirishani, nikakata kipande kama urefu wa kidole kwa kila donge, nikakishika kwa kibanio na kukipelekea kiberiti. Pamba inawaka mara moja, inanuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni laini la kijivu, ukiligusa linapotea. Akriliki haiungui hivyo: inajikunja, inayeyuka, inadondoka, na ikipoa inaacha kijiwe cheusi kigumu. Tone lake linaunguza vibaya, kwa hiyo mtoto asikaribie. Sufu halisi ya kondoo inanuka nywele zilizoungua, na ukiondoa moto inazimika yenyewe. Na ya mchanganyiko inafanya mawili kwa pamoja, ncha inawaka na kijiwe kinabaki. Katika madonge yangu 63 nilipata 31 ya akriliki, 24 ya pamba, 5 ya sufu na 3 ya mchanganyiko. Na mimi nilivifuma vyote katika shali moja. Pamba ndiyo iliyojikunja kwenye maji, akriliki ikabaki ilivyo. Hapakuwa na muujiza wowote.

Kisha kwa maji: kila donge la giza nililikata kipande, nikakirowesha na kukikandamiza kwenye kitambaa cheupe kwa pasi ya moto mdogo. Matatu yalitoa rangi. Hayo niliyatenga.

Kisha kwa mwanga, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Zambarau ni rangi yenye tabia ya peke yake. Chini ya taa za mirija za madukani inakwenda buluu, chini ya balbu ya manjano inakwenda kahawia, na kamera za simu nyingi zinaipiga kama buluu tupu. Ndiyo maana mdogo wangu wa Maskati alikuwa ananitumia picha nasema sitaki buluu, akija nalo mkononi linanitoa roho. Tangu hapo, dukani sinunui mpaka nitoke na donge mlangoni nilitazame kwa jua. Wenye maduka wa Mchangani wamezoea, hawanikatazi.

Na simu ile ile inayodanganya rangi ina faida moja. Ukiyapanga madonge mstari mmoja, ukayapiga picha, kisha ukaiondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, unaona lipi lina rangi nzito na lipi nyepesi. Macho yangu yalikuwa yakivutwa na uzuri wa rangi, hayaoni uzito wake. Picha haina mapenzi. Madonge mawili niliyoyaona mbali kabisa, moja linapiga wekundu na moja buluu, kwenye picha yalikuwa kijivu kimoja.

Sisi Waswahili rangi zetu nyingi tumezitoa jikoni na shambani. Manjano ni yale tunayotia mchuzini, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, na ule wekundu ulioiva sana tukauita damu ya mzee. Zambarau ni tunda. Sasa litazame tunda lenyewe: likianza kuiva lina rangi ya waridi, likiiva barabara ni jeusi, ukiling'ata nyama yake ni nyeupe yenye kupiga urujuani, na ulimi unaoutoa baada ya kulila ni rangi ya nne. Mtoto yeyote wa Pemba aliyewahi kurudi nyumbani na ushungi mweupe wa skuli umedondokewa zambarau anajua na rangi ya tano, ile inayobaki baada ya mama kusugua. Tulipoipa rangi jina la tunda hatukusema kuwa ni moja.

Wakati huo ndipo nilipotaka kujua rangi hii inatoka wapi, na mwalimu mwenzangu wa sayansi akanihadithia kisa ambacho sijachoka kukirudia. Zamani, nchi za pembezoni mwa Bahari ya Kati, zambarau ilikuwa ikikamuliwa kutoka kwa konokono wa baharini, maelfu ya konokono kwa rangi kidogo tu, kwa hiyo ilivaliwa na wafalme. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe, kwinini hii hii ya homa ya malaria ambayo wazee wetu waliimeza na uchungu wake. Hakupata dawa. Alipata tope jeusi, na alipolisafisha kwa spiriti likatoa zambarau iliyoshika kwenye hariri. Hiyo ndiyo ikawa rangi ya kwanza ya viwandani kutengenezwa kwa kemia na kuuzwa kwa wingi, na kutoka hapo zikafuata nyengine nyingi. Nilimfikiria bibi yangu na kikaratasi chake. Malaria ilimlaza kila mwaka, na unga aliokuwa akiutikisa juu ya chungu ulikuwa wa ukoo ulioanzia kwa kijana aliyekuwa akitafuta dawa ya homa ile ile.

Nikarudi kwenye nyuzi. Nilihitaji mahali pa kuzipanga zote kwa pamoja, na kitanda hakikutosha. Nikautoa mkeka wa bibi, uliokuwa umekunjwa nyuma ya kabati, nikautandika sebuleni chini ya dirisha, nikaanza kupanga kutoka nyeusi kwenda nyepesi. Mkeka ule nimeulalia tangu mdogo. Nimeuswalia. Nimewanyonyeshea wanangu watatu juu yake. Asubuhi ile, nimepiga magoti, macho yangu yamezoea kutofautisha kwa muda wa wiki nzima, nikaona kwamba zambarau ya mkeka ni mbili.

Nilitoa madonge yote juu yake. Upande wa kichwani zambarau ilikuwa inapiga wekundu, upande wa miguuni inapiga buluu. Bibi alipungukiwa. Bibi aliyekuwa akinambia nipime kabla ya kuwasha moto, siku moja hakupima, au alipima na ukindu ukamtupa, akawasha moto mara ya pili na chungu hakikuwa ndugu. Nikatafuta mahali zilipokutana, nisipaone. Nikafuata ukili mmoja, ule utepe wa ukindu uliosukwa, kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesoma. Kutoka kichwani ukindu wote wa rangi ulikuwa wa chungu cha kwanza. Kisha katika ule ukili ule ule, uzi mmoja wa ukindu ukawa wa chungu cha pili, uliobaki wa cha kwanza. Kisha miwili. Kwa urefu wa zaidi ya shibiri tatu vyungu viwili vilikuwa vinasukwa pamoja, cha pili kinaongezeka, cha kwanza kinapungua, mpaka mwisho kikabaki cha pili peke yake. Hapana mstari wowote. Ndiyo maana miaka yote hiyo sikuona.

Nilikaa pale chini mpaka adhana ya Adhuhuri. Bibi alifariki zamani na hakunifundisha hilo kwa mdomo. Alinifundisha sharti, na la kufanya sharti likishavunjika aliliacha kwenye mkeka.

Shali la pili nililifuma hivyo. Nilichukua akriliki peke yake, na katika akriliki nikachagua zile laini zenye unene mmoja: nikasokota ncha mbili mbili kidoleni na kuzilinganisha, zilizozidi nikaziweka kando. Yalibaki madonge 14, nikatumia 10 ya gramu 50. Kwanza nilifuma kipande cha kujaribia, sentimita 10 kwa 10, kwa kulabu ya milimita 4, nikakipima kwa rula, nikakifua, nikakikausha, nikakipima tena. Hakikubadilika. Hapo ndipo nikaanza. Nilianza na ile ya giza kabisa, na kila nilipofika pa kuingiza rangi inayofuata sikukata: mistari miwili ya zamani, miwili ya mpya, miwili ya zamani, miwili ya mpya, mpaka mistari 12, ndipo ya zamani nikaiaga. Uzi usiotumika nilikuwa naupandisha ubavuni, sikuukata kila mara, ncha zikawa chache za kuficha. Mwisho nikafika kwenye ile nyepesi kama ndani ya tunda. Sentimita 90 kila upande, kwa wiki tano.

Mjukuu wangu alizaliwa wakati wa kipupwe, usiku una ubaridi na upepo wa kusi unapiga madirishani. Muuza duka wa chini alimwona amebebwa siku ya arubaini. Alishika pembe ya shali, akalifuata kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Hii sasa," akasema, "ni rangi moja."

Pamba nayo nilishaacha kuilazimisha kuwa shali. Pamba haiyeyuki kwa joto la sufuria, kwa hiyo ile nene nilifumia vitambaa vya kushikia sufuria. Kwa hili nasisitiza: usifume kishikio cha sufuria kwa akriliki, itayeyukia kwenye kiganja chako. Pamba ya wastani ikawa mikoba ya sokoni. Mkoba wa kwanza niliufuma kwa mishono mirefu yenye matundu, nikatia muhogo na nazi mbili pale Darajani, nikafika nyumbani mpini umerefuka mkoba unaburura. Sasa mpini naufuma kwa mishono mifupi iliyobana na uzi wa mara mbili, na mwili ndio unaopata matundu. Sufu zile tano zilikwenda Ankara, kwa mtoto wa dada yangu anayesoma huko kwenye theluji: kofia na skafu. Hapa kwetu zingemwasha mtu shingo.

Vilivyobaki, vile vipande vifupi vilivyotoka kwenye shali lililofumuliwa, ndivyo vilivyonipa kazi niipendayo kuliko zote. Watoto wa chuo chetu cha Kurani walikuwa wakibeba juzuu zao katika mifuko ya plastiki, na siku za masika zinafika zimelowa. Nilianza kuwafumia mifuko, kwa mstari wa kila uzi uliokuwepo, bila kujali uzito wa rangi wala loti. Kwenye kitu kidogo kinachokwenda mbio njiani, fujo ile ya rangi inachangamka. Ndani natia kitambaa cha kanga kuukuu, maana matundu ya kufuma hayazuii mvua. Mpaka leo nimefuma 22. Ukikaa barazani kwetu saa nane mchana unaona zambarau inapita makundi makundi.

Donge moja bado sijalipatia kazi, lile lenye nyuzi za kumeremeta ndani yake. Linawasha mkono, linakwama kwenye kulabu. Limekaa kirobani na karafuu zilizofungwa kitambaani, nilizozitia kwa ajili ya wadudu, na kila masika ikimalizika nalianika kivulini pamoja na mengine machache yaliyobaki na kuyafukiza udi, yasishike ukungu.

Wiki iliyopita nilipita Mchangani. Zambarau mpya ilikuwa imening'inia mlangoni, zambarau ya tunda lililoiva barabara, na moyo ulikwenda vile vile ulivyokuwa ukienda. Muuzaji akanyanyuka. "Mwalimu, nikutolee mangapi?" Nikalichukua donge nikatoka nalo juani. Nikaitafuta namba ubavuni mwa karatasi, nikaisoma, nikamwomba anitafutie mengine yenye namba hiyo hiyo. Alipindua boksi zima, akapata sita. "Ya nini safari hii?" akaniuliza. Nikamwambia binti yangu wa pili ameposwa, anataka mtandiko wa kochi la watu watatu, na sita hayatoshi. Akasema boksi jengine linakuja na boti ya kesho, ila namba hajui itakuwa ipi. Nikachukua yote sita, nikamwambia aniwekee na hayo ya kesho, vyovyote itakavyokuwa.